Saini ya Asili na Saini ya Uhakiki: Chimbuko la Desturi ya Uwajibikaji katika Mradi wa Linux

Makala haya yanachunguza jinsi mradi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ulivyofikia desturi ya kutia saini kila kiraka cha msimbo. Hoja ya msingi ni kwamba saini hiyo ilizaliwa na shauri la mahakamani, wala si na haja ya ubora.

Kwa zaidi ya muongo mmoja, viraka vilipokelewa kwa kuaminiana. Mchangiaji alituma kiraka kwa baruapepe, msimamizi wa sehemu husika akakisoma, na kilipokubalika kikapanda hadi kwa Torvalds. Machi 2003, kampuni ya SCO iliishtaki IBM nchini Marekani, ikidai kwamba msimbo wa Unix ulikuwa umeingizwa katika Linux kinyume cha mkataba. Kumjua aliyeandika kila sehemu, na kwa haki ipi, kukawa kazi ya kupekua barua za miaka mingi.

Mei 2004, Torvalds alipendekeza hati fupi ya asili. Kwa kuandika mstari mmoja wenye jina na anwani yake, mchangiaji huthibitisha kwamba kiraka ni kazi yake, au kimetokana na kazi yenye leseni inayofaa, au amekabidhiwa na mtu aliyekwisha kuthibitisha hayo. Kila msimamizi anayekipitisha huongeza mstari wake. Anayezijua isnadi za wapokezi wa hadithi ataitambua silsila hii.

Hata hivyo, silsila hiyo hushuhudia njia ya kiraka, si usahihi wake. Uhakiki ulikuja kupewa mstari wake wa pekee: mhakiki hutamka kwamba amekagua kiraka kiufundi na kukiona kinafaa, bila kudhamini kwamba hakina kosa.

Mwaka 2010 iliamuliwa mahakamani kwamba hakimiliki za Unix hazikuwa za SCO. Dai lilidhoofika, desturi ikabaki.

Kwa watunga sera wetu, funzo limo katika istilahi. Tukiziita saini zote mbili “idhini”, tutaficha tofauti iliyogharimu kesi ndefu. Serikali inayopokea programu huria iulize maswali mawili mbalimbali: nani anashuhudia haki ya kuitoa kazi hii, na nani ameikagua? Jibu la swali la kwanza halitoshelezi la pili.