Kuchuja Damu Nyumbani: Istilahi ya Watu Wawili

Anayeugua figo mjini Bujumbura hupokea ugonjwa wake kwa lugha tatu kwa pamoja. Daktari ameandika kwa Kifaransa, muuguzi anafafanua kwa Kirundi, na majirani wa mitaa ya Buyenzi au Carama wanaokuja kumjulia hali huuliza kwa Kiswahili kama ameshaanza "kusafishwa". Kutoka kwa daktari limepatikana neno dializi. Aliyetibiwa Nairobi au Dar es Salaam hurudi na dayalisisi. Vitabuni huandikwa dialisisi. Yote matatu ni neno moja lililopita njia tofauti, na wala hayana ugomvi. Ugomvi uko kwenye tafsiri. Magazeti na redio zetu zimezoea kusema usafishaji damu, na mara nyingine usafishaji figo. Tafsiri hiyo ilitutosha maadamu matibabu yalifanyika hospitalini tu. Kazi ikihamia nyumbani na kuwekwa mikononi mwa mgonjwa na mwenzi wake, haitutoshi tena, kwa sababu inataja huduma anayopewa mtu na kuficha kazi atakayoifanya.

Neno lenyewe halikuzaliwa hospitalini. Aliyelipa maana ya kisayansi ni Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, mwaka 1861, alipotumia karatasi ya ngozi kutenganisha vitu vilivyoyeyuka katika maji: chembe ndogo zilipenya, kubwa zikabaki. Kigiriki alichokichota kina maana ya kufungua na kutenganisha. Hamna humo damu, figo wala uchafu. Damu ilikuja baadaye. Mwaka 1913 John Jacob Abel na wenzake mjini Baltimore waliipitisha damu ya wanyama hai katika mirija yenye kuta za utando, na katikati ya vita, mwaka 1943, Willem Kolff alitengeneza mjini Kampen, Uholanzi, mashine ya pipa linalozunguka iliyoweza kumhudumia binadamu. Kanuni haikubadilika: damu upande mmoja, maji yenye chumvi zilizopimwa upande wa pili, na utando wenye vitundu vidogo mno katikati. Mfuko wa majani ya chai unaonyesha jambo hilo vizuri, maana rangi hutoka na majani hubaki ndani. Urea na potasiamu iliyozidi hutoka; chembe za damu na protini kubwa hubaki. Maji yaliyozidi mwilini huvutwa nayo pia, na hapo ndipo kitenzi chetu cha kuchuja kinapopata haki yake.

Sasa tazama kusafisha kunavyotupotosha. Figo hazisafishwi, zimeshindwa kazi, na dialisisi inashika sehemu ya kazi hiyo bila kuzigusa. Anayesema "amekwenda kusafisha figo" humfanya msikilizaji angojee figo zirudi zikiwa mpya. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: neno limekwisha kukaliwa. Kuanzia masoko ya Bujumbura hadi Mombasa, wauza mitishamba wana "dawa ya kusafisha damu", chupa inayosemwa kutibu chunusi, uchovu, matatizo ya ngozi na mengine mengi, na watu huinywa kwa siku chache kisha huacha. Familia inayoambiwa kwamba baba yao atasafishwa damu hulisikia neno hilo likiwa na harufu ya chupa ile. Haishangazi basi wakiuliza ni mara ngapi na lini itaisha, au wakiona nafuu ya wiki mbili kuwa ni kupona. Mwenye figo zilizokwisha kabisa hamalizi dialisisi isipokuwa kwa kupandikizwa figo nyingine. Usafi ni hali inayofikiwa. Uchujaji ni kazi inayorudiwa, kwa kuwa kila kinacholiwa na kunywewa kitahitaji kuchujwa tena.

Kuna pingamizi la kitaaluma hapa, na ni la haki. Mkemia atasema kwamba kuchuja ni kusukuma maji kwenye chujio, ilhali katika dialisisi takataka husambaa zenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache. Ni kweli. Lakini istilahi ya hospitali haidaiwi kubeba fizikia yote. Inadaiwa isimwongoze mtumiaji kwenye kosa. Anayeamini anachuja atajua kuna utando, kuna kinachobaki na kinachotoka, na kwamba utando ukichafuka kazi inaharibika. Mambo hayo matatu ndiyo atakayoyahitaji. Kwa hiyo napendekeza dialisisi ibaki kuwa jina la jumla, na uchujaji damu uwe ufafanuzi wake wa Kiswahili, ukigawanyika mara mbili: uchujaji wa mashine na uchujaji wa tumboni.

Mgawanyiko huu ni wa lazima Carama kuliko mahali pengi. Mtaa huo uko kaskazini mwa Bujumbura, katika eneo la Kinama, na hospitali ya Kamenge, ile ambayo wenyeji wanaiita Roi Khaled, si mbali. Uchujaji unaojulikana mjini ni wa mashine: kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Katika saa hizo nne, maji ya dawa yapitayo kwenye mashine kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika hufikia lita 120, na maji hayo hayawezi kuwa ya bomba tupu. Klorini inayotufaa kwenye maji ya kunywa ni sumu ikigusana na damu kupitia utando wa mashine, hivyo maji ya shirika la REGIDESO yangepaswa kusafishwa upya (hapa neno kusafisha liko mahali pake) kwa mtambo ambao wenyewe humwaga maji mengi. Umeme usikatike. Kwa nyumba inayojaza madumu usiku kwa kuhofia bomba kukauka mchana, mashine nyumbani ni ndoto ya gharama. Uchujaji wa tumboni ni habari nyingine. Utando unaotumika ni wa mgonjwa mwenyewe, ule unaofunika matumbo. Robert Popovich na Jack Moncrief walieleza mjini Austin, Texas, mwaka 1976, jinsi mtu anavyoweza kubeba maji hayo tumboni huku akiendelea na shughuli zake, na muda mfupi baadaye Dimitrios Oreopoulos wa Toronto akaleta mifuko ya plastiki badala ya chupa za kioo. Hakuna mashine inayohitajika, wala umeme. Mfuko unatundikwa juu ukutani, mwingine unalazwa chini sakafuni, na uzito wa maji ndio unaofanya kazi.

Kitendo hicho cha kutoa maji ya zamani na kuingiza mapya kinahitaji jina fupi, maana kitatajwa mara nne kwa siku. "Mabadilishano" ni tafsiri ya neno kwa neno na inanuka biashara. "Kubadilisha maji ya tumbo" kunatisha, kwa kuwa kwetu maji ya tumbo ni ugonjwa, ule uvimbe wa mwenye ini bovu. Neno zuri tunalo tayari, nalo ni zamu. Zamu ya alfajiri, ya mchana, ya jioni na ya kulala: lita mbili kila moja, zikae tumboni saa nne hadi sita, na usiku zaidi. Kufungua, kutoa, kuingiza na kufunga huchukua kama nusu saa. Ugumu hauko kwenye nguvu, uko kwenye utaratibu. Dirisha linafungwa na feni inazimwa ili vumbi litulie, mtoto na kuku wanabaki nje, barakoa inavaliwa, mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Ncha ya mpira unaotoka tumboni haiguswi na chochote, hata kidole kilichooshwa. Mfuko unapashwa joto la mwili bila kutumbukizwa kwenye maji, kwa kuwa maji hubeba vijidudu hadi penye kiungio. Kisha maji yaliyotoka yanatazamwa kwenye mwanga: yakiwa maangavu kiasi cha kusomeka maandishi nyuma yake, heri, yakiwa na ukungu, hiyo ni dalili ya uambukizo wa utando, na mgonjwa anawahishwa hospitali siku hiyohiyo akiwa na mfuko wenyewe. Uzito na presha vinaandikwa daftarini, pamoja na kiasi kilichoingia na kilichotoka. Kutokana na daftari hilo huamuliwa zamu ipi itumie mfuko wenye sukari nyingi zaidi, kwani sukari ndiyo inayoyavuta maji kutoka kwenye damu.

Haya hufundishika kwa wiki moja au mbili, na mwenye kufundishwa si lazima awe amesoma sana. Kiswahili kinaweza kusaidia mafunzo hayo kwa njia ambayo Kifaransa cha karatasi za hospitali hakiwezi, yaani kwa viambishi vya kitenzi. Hospitalini mgonjwa huchujwa. Nyumbani hujichuja. Mke anayemwendeshea mume zamu nzima kwa sababu mume ana homa au macho hayaoni, anamchujia. Hali tatu, mzizi mmoja, na kila moja ina wajibu wake. Muuguzi akizitumia kwa makini, wanandoa watajua ni ipi inayokusudiwa kila siku na ipi ni ya dharura.

Historia inaunga mkono kuanza na kujichuja. Mwaka 1964 timu ya Belding Scribner mjini Seattle ilimtengenezea msichana wa shule mashine ya nyumbani, baada ya kamati ya kuchagua wagonjwa kumkataa, na mama yake akajifunza kuiendesha. Mwaka huohuo, Stanley Shaldon wa Hospitali ya Royal Free, London, alikuwa akiwafundisha wagonjwa kujichuja nyumbani usiku. Kufikia mwaka 1973, kiasi cha wagonjwa 40 katika kila 100 wa dialisisi nchini Marekani walikuwa wakichujwa majumbani. Kisha serikali ikaanza kulipia matibabu hayo, vituo vikaongezeka, na idadi ya wa nyumbani ikaporomoka. Wake na waume hawakusahau ghafla walichokijua. Malipo yalielekea kwingine.

Na malipo ndiyo pingamizi kubwa kwa Carama. Zamu nne kwa siku ni mifuko 120 kwa mwezi, zaidi ya kilo 240 za maji yanayoagizwa ng'ambo, yashushwe Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Bujumbura, katika nchi ambayo foleni za mafuta zimekuwa jambo la kawaida. Katika sehemu nyingi za Afrika mifuko hiyo hugharimu zaidi kuliko mashine. Silikatai hilo. Ila nalisoma tofauti: ni tatizo la forodha, la viwanda na la bima, na lisigeuzwe kuwa hoja kwamba nyumba zetu ni finyu au watu wetu hawawezi. Hong Kong, mji wenye nyumba finyu kama upo, umeutanguliza uchujaji wa tumboni tangu mwaka 1985. Thailand iliufanya kuwa chaguo la kwanza la bima yake ya umma mwaka 2008, ukawafikia wakulima walio mbali na mashine. Mwaka 2022 ikawaachia wagonjwa wachague wenyewe, jambo ambalo nadhani lilikuwa sahihi. Karibu na kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi imeokoa kwa njia ya tumbo wagonjwa ambao figo zao zilisimama kwa ghafla, watoto wakiwemo. Huo ni uchujaji wa wodini na wa muda mfupi, kwa hiyo hauthibitishi mengi kuhusu nyumbani, lakini unaonyesha kwamba ujuzi wa utando wa tumbo umekwisha kuota mizizi katika ukanda wetu.

Limebaki jina la yule wa pili, anayemsaidia mgonjwa. "Muuguzi wa nyumbani" linampa cheo bila mshahara, "mhudumu" linamshusha. Mwenza wa zamu linatosha, na halisemi kama ni mume, mke, dada au binti. Wapo watakaosema kwamba neno zuri halipunguzi uchovu, na kwamba kazi ya kuuguza kwa kawaida humwangukia mwanamke, ambaye usiku hulala sikio moja liko wazi. Ni kweli, na ndiyo maana nataka zamu ibaki na maana yake ya pili, ya kupokezana. Kwenye daftari, karibu na safu za uzito na presha, iongezwe safu moja ya aliyeshika zamu. Wiki nzima ikijazwa jina moja, na jina hilo si la mgonjwa anayeweza kutumia mikono yake, muuguzi wa kliniki ana swali la kuuliza kabla hajatazama kitu kingine chochote.