Kaya: Msitu Uliotegewa Baruti

Hebu tuanze na jina. Zamani watu hawa wa pwani ya Kenya waliitwa "Wanyika", yaani watu wa porini. Katika karne ya 20 wakajiita Mijikenda: miji tisa. Miji hiyo ni kaya, makao ya mababu ndani ya msitu. Kwa hiyo hata jina lao limejengwa juu ya mahali.

Mwaka 1913 Wagiriama wengi walikwisha kuhama kaya, wakitawanyika mashambani. Hata hivyo, Mekatilili wa Menza alipotaka kuwaunganisha wakatae kodi na kazi za Waingereza, aliwaita Kaya Fungo. Huko wanaume walikula kiapo cha fisi, wanawake mukushekushe. Agosti 1914 serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti.

Sasa swali: kama yale yalikuwa ushirikina mtupu, baruti ya nini? Mkoloni alikiri kwa mkono alichokikana kwa mdomo. Na mlipuko haukuzima kitu. Ndipo vita vilipowaka.

Mwaka 2008 UNESCO iliitia Kaya Fungo, pamoja na nyinginezo, katika urithi wa dunia. Sawa, lakini tusisahau: kaya haikungoja cheti ili iwe takatifu.