Finyanga: maana na mipaka ya matumizi

Finyanga (kitenzi elekezi) ni kuupa umbo udongo uliolainishwa kwa maji, kwa mikono au kwa gurudumu. Nomino zake ni ufinyanzi na mfinyanzi, ambamo ng hugeuka nz mbele ya -i, kama katika jenga/mjenzi na tunga/mtunzi.

Utata wa tafsiri hujitokeza katika maelezo ya karakana za Uingereza na Marekani ambamo mgeni huingia bila miadi, huchagua chombo kilichokwisha kuchomwa, hukipaka rangi, kisha hukiacha kichomwe tena. Mgeni huyo hafinyangi. Udongo uliokauka tu huweza kulowekwa ukafinyangwa upya. Uliochomwa jokoni, kwa kawaida katika joto la takriban nyuzi 1000 za Selsiasi, haulainiki tena. Chombo chake kikivunjika huwa vigae, ndiyo asili ya methali “Mfinyanzi hulia gaeni.”

Mifano:
- Watoto walifinyanga bakuli. (Walianza na udongo mbichi.)
- Watoto walipaka rangi bakuli. (Zilikuwa tayari zimechomwa.)

Tangazo likitaja ufinyanzi pekee, msomaji hutarajia kushika udongo. Akikabidhiwa brashi na sahani, ataona amedanganywa. Karakana inayotoa huduma zote mbili iandikiwe “ufinyanzi na upakaji rangi vyombo.”

Tanbihi: mkate huokwa, chungu huchomwa. “Kuoka vyungu” ni tafsiri sisisi na iepukwe.