Tarehe Mosi Januari: Habari za Siku ya Kuzaliwa Mjini Juba

Jumamosi moja alasiri nilialikwa katika tafrija ya mtoto wa jirani yangu hapa Juba. Mtoto alikuwa anatimiza miaka saba. Tafrija ilifanywa katika mkahawa wa piza wenye chumba cha mashine za michezo, na makelele yaliyokuwamo sijapata kuyasikia hata katika soko la Konyo Konyo siku ya mshahara: jenereta nje, muziki ndani, mashine zikilia kila moja kwa sauti yake, na watoto wapatao thelathini wakigombea zamu. Watu wazima tulikaa kandokando ya ukuta, tukizungumza kwa ishara kama mabubu.

Mwalimu wa lugha hata pasipo na nafasi ya kusikia neno hulisikia. Mwenye kipaza sauti alitangaza kwa Kiarabu cha Juba kwamba leo ni «id milad». Shangazi wa mtoto, aliyesoma Kakuma, akasema kwa Kiswahili kwamba ni siku ya kuzaliwa. Wimbo uliimbwa kwa Kiingereza. Milad na maulidi ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuzaa. Lakini hapa Juba neno lile limeelekea kwenye Krismasi na keki ya mtoto, na huko pwani neno letu limebaki kuwa la mazazi ya Mtume, yasomwayo mwezi wa Mfunguo Sita, hasa kule Lamu ambako watu humiminika kutoka mbali. Mswahili wa zamani alimfanyia mtoto akika siku ya saba na kumtoa nje siku ya arobaini. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kumkumbusha kila mwaka kwamba alizaliwa. Keki yenye mishumaa ni desturi iliyoandikwa kwanza huko Ujerumani katika karne ya 18. Ama ule wimbo, walimu wenzangu watafurahi kujua kwamba ni kazi ya walimu: sauti yake ilitungwa na akina dada wawili wa Louisville, Kentucky, Patty na Mildred Hill, ikachapishwa mwaka 1893, na maneno yake ya kwanza yalikuwa salamu ya asubuhi kwa watoto wa shule.

Mkahawa wenyewe pia una historia yake. Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari iliyotoa mchezo wa Pong mwaka 1972, aliona kwamba kampuni yake ikiuza mashine hupata bei yake mara moja tu, bali anayeinunua huokota sarafu kila siku. Mwezi Mei 1977 alifungua huko San Jose, California, mkahawa aliouita Pizza Time Theatre. Hesabu ilikuwa wazi. Piza huchukua muda kuiva. Muda huo mtoto huchoka kukaa. Na mzazi aliye na sarafu mfukoni hushindwa kumkatalia. Jukwaani waliwekwa wanasesere wakubwa wa mitambo, walioimba na kutaniana, na mkuu wao alikuwa panya aitwaye Chuck E. Cheese. Inasimuliwa kwamba Bushnell alinunua vazi akidhani ni la mbwamwitu wa nyika za Marekani, na lilipofika likaonekana lina mkia wa panya. Kampuni ilifilisika mwaka 1984, ikanunuliwa na mshindani wake, na jina la panya likadumu. Wanasesere wale, ambao watoto wengine waliwaogopa kuliko walivyowapenda, waliondolewa karibu kila mahali kufikia mwaka 2024.

Jirani yangu, baba wa mtoto, anaujua mkahawa wa namna hiyo kwa kuwa aliishi Omaha, katika jimbo la Nebraska. Tulipotoka nje kupunga upepo aliniambia, «Mwalimu, sherehe ya kwanza ya kuzaliwa niliyohudhuria maishani ilikuwa ya mtoto wa Kimarekani, na mwenyeji wake alikuwa panya.» Kisha akanisimulia kisa cha panya huyo kama kampuni inavyokitoa. Panya alikuwa yatima, akalelewa katika nyumba ya watoto yatima. Hakuna aliyejua siku aliyozaliwa, hivyo hakupata kufanyiwa sherehe hata moja. Ndiyo maana hufurahia sana sherehe za wenzake. Jirani yangu alipoelezwa kisa hicho, wenzake wawili aliokwenda nao, wote watu wa Kakuma, walicheka mpaka wenye mkahawa wakaja kuuliza kuna nini.

Hapa inafaa nieleze kicheko hicho.

Si kweli kwamba watu wa Sudan Kusini hawakujua umri wao. Walikuwa na hesabu nyingine. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer kilichotolewa mwaka 1940, alionyesha jinsi siku ilivyopimwa kwa kazi za ng'ombe na mwaka kwa kuhama kati ya kijiji na makambi ya malisho. Kijana wa Kinuer alipochanjwa gaar, ile mistari sita ya kipaji cha uso, aliingia katika rika, na tangu hapo kila mtu alijua nani ni mkubwa wake na nani ni mdogo. Majina nayo hushika kumbukumbu. Kwa Wadinka, aitwaye Bol ni aliyezaliwa baada ya mapacha. Kwa Wabari, wenyeji wa nchi hii ya Juba, majina kama Lado, Wani na Pitia hutaja nafasi ya mtoto katika mfuatano wa kuzaliwa. Hesabu hiyo hujibu swali la nani amemtangulia nani. Haijibu swali la karani, ambaye hutaka siku, mwezi na mwaka.

Karani alikuja kwa nguvu wakati wa vita. Mwaka 1987 maelfu ya watoto, wengi wao wavulana, walitembea kwa miguu hadi makambi ya Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 walifukuzwa wakavuka mto Gilo, ambako wengi walikufa maji, na mwaka 1992 walionusurika wakaingia Kenya na kupelekwa Kakuma. Walikuwa wametoka nyumbani kabla ya kuchanjwa, basi uso wao haukuwa na rika. Na hawakuwa na cheti, basi mkono wao haukuwa na tarehe. Hesabu zote mbili ziliwaponyoka. Marekani ilipokubali kuwapokea wapatao 3,800, wengi wao wakisafiri mwaka 2000 na 2001, ilibidi kila mmoja awe na siku ya kuzaliwa. Maofisa walimtazama kijana, wakamuuliza maswali, wakakisia mwaka. Na ama siku, aghalabu waliandika tarehe mosi Januari.

Jirani yangu aliandikwa 1 Januari 1982. Rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye mama zao walijifungua katika msimu mmoja, alikuwa na umbo dogo. Akaandikwa 1 Januari 1984. Walipofika Marekani mwaka 2001 karatasi zikawatenga. Aliyekuwa na miaka 17 alikabidhiwa kwa familia ya walezi na kupelekwa shule ya sekondari. Aliyekuwa na miaka 19 alihesabiwa mtu mzima, akapewa msaada wa miezi michache, kisha akatafuta kazi katika kiwanda cha nyama. Mmoja leo ni mhandisi. Mwingine alisoma usiku kwa miaka tisa. Sioni haki ya kumlaumu karani, aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake na hakuwa na mizani nyingine ila macho; lakini nimewaona wanahistoria wakiandika «takribani» kwa wepesi mno, na tangu siku ile neno hilo hunisimamisha.

Mambo hayo hayajaisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 humpa kila mtoto wa nchi hii haki ya kuandikishwa anapozaliwa, nayo humtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa afya ya kaya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba walioandikishwa hawakufika nusu ya watoto wadogo. Kijana akichukuliwa na wenye bunduki, mzazi anayekwenda kumdai atasema kwamba ni mtoto, na ataulizwa kwa ushahidi gani. Waliorejea kutoka Kakuma na Uganda baada ya mkataba wa amani wa 9 Januari 2005 wanalijua hilo. Walileta Kiswahili, wakaleta desturi ya mabweni ya kummwagia maji mwenye siku yake, na wakaleta pia tabia ya kutunza vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Cheti cha mwenye sherehe nilionyeshwa: kimeandikwa hadi saa na dakika.

Tuliporudi ndani, keki ilikuwa imekatwa. Bibi wa mtoto alikuwa amekaa karibu na mlango, mbali na mashine, kanga imefunika masikio. Nikamwomba jirani yangu amuulize mama yake, kwa Kidinka, kama anakumbuka alipomzaa. Nilitazamia jibu la takribani. Bibi alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililokwisha kufundishwa. Alisema mtoto huyu alizaliwa mwaka wa pili baada ya ule mtambo mkubwa kuanza kuchimba mfereji wa Jonglei, mvua zilipoanza kushika na watu walipokuwa wakirudisha ng'ombe kutoka toic, usiku, ndama mwekundu wa shemeji yake akiwa hajapata hata siku tatu.

Mtambo ule ulianza kazi mwaka 1978. Vita viliusimamisha mapema mwaka 1984, mfereji ukiwa haujafika mwisho. Ng'ombe hurudi kutoka toic mwezi Mei, ama karibu na hapo. Basi jirani yangu ni wa mwaka 1980, na siku aliyofika Marekani alikuwa na miaka 21. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akauliza kwa nini mama yake hakumwambia zamani. Bibi akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wakiuliza karatasi.

Mtoto akaja mbio, sarafu zimemwishia.