Umetaboli wa ng'ombe wa maziwa na ubora wa maziwa, Kaoze na Ufipa

Umetaboli wa ng'ombe wa maziwa ni namna mwili wake unavyogeuza malisho kuwa nguvu, maziwa na ndama. Hubadilika sana kati ya kuzaa na kukaushwa, yaani kusitishwa kukamuliwa, na maziwa huonyesha mabadiliko hayo kabla mbavu hazijaonekana.

Kaoze ni kata ya Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Uwanda wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, umelipita bonde hilo kwa takribani kilomita moja kwenda juu. Bondeni joto humpunguzia ng'ombe hamu ya kula, na chotara wa Friesian au Ayrshire huumia zaidi kuliko zebu. Uwandani kuna baridi inayomfaa. Pande zote mbili mvua hunyesha Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo nyasi hukauka, yakabaki mabua ya mahindi, tele lakini maskini wa protini.

Zebu akikosa malisho hupunguza maziwa, basi. Chotara huendelea kutoa kwa kujila mwenyewe. Maziwa yake hufika kilele wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kuzaa, ilhali ulaji hufika kilele wiki ya 10 hadi ya 12. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwilini, na ini likizidiwa nayo hutoa ketoni nyingi: huo ndio ugonjwa wa ketosisi. Ng'ombe hukonda haraka, hususia pumba huku akitafuna majani makavu, na pumzi yake hunuka asetoni. Maziwa nayo huongezeka mafuta na kupungua protini. Uwiano wa mafuta kwa protini ukizidi 1.4, mfugaji ashtuke. Mnunuzi, kwa bahati mbaya, husifu krimu hiyo nene.

Kinyume chake hutokea pumba zikimwagwa bila majani ya kutosha: tindikali huzidi tumboni na mafuta ya maziwa hushuka.

Homa ya maziwa huja mara nyingi ndani ya siku 3 za kuzaa, kalsiamu ya damu inapokimbilia kwenye dang'a. Ng'ombe hulala, shingo ameikunjia ubavuni, masikio baridi. Dawa ni kalsiamu ya mshipani, itiwe polepole na mtaalamu wa mifugo, kwani ikienda kasi husimamisha moyo.

Laktomita, inayopima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji na ambayo kwa maziwa safi husoma 1.028 hadi 1.034, hufichua maji yaliyoongezwa. Haifichui ugonjwa wa kiwele, ambao hushukiwa seli za mwili ndani ya maziwa zikizidi 200,000 kwa mililita.

Ng'ombe aliyepandishwa katikati ya Februari huzaa mwishoni mwa Novemba, majani yanapochipua. Ratiba hiyo ni nzuri, ila siku zake 60 za kukaushwa huanza mwishoni mwa Septemba na kupita Oktoba yote, wakati wa njaa, na wengi humwacha na mabua matupu kwa kuwa hakamuliwi. Hapo ndipo mashudu ya alizeti, zao linalolimwa mkoani Rukwa, yana faida kubwa kuliko pumba za baada ya kuzaa: azae akiwa na alama 3 hadi 3.5 za unene katika kipimo cha 1 hadi 5. Akipita hapo, mafuta yatalielemea ini vilevile.