Mhariri Aliyelitangaza Jina la Kamanyola

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira, akiisha kuteremka milima ya Ngomo na kuingia bonde la Ruzizi, hufika Kamanyola, mji wa soko ulio mpakani mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Na jina hili, ambalo lilikuwa la makao na mashamba ya wenyeji tu, liliwahi kupewa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, meli ya rais na divisheni mashuhuri ya jeshi. Aliyelifikisha huko alikuwa mhariri kabla hajawa jenerali, na kwa rai yangu haiwezekani kuielewa sawasawa habari ya Kamanyola pasi na kuijua kalamu yake.

Mhariri huyo, Joseph-Désiré Mobutu, alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930, babaye akiwa mpishi wa hakimu Mbelgiji, ambaye mkewe ndiye aliyemfundisha mtoto yule Kifaransa. Alisomeshwa na wamisionari Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, akafukuzwa, na kwa adhabu akatiwa katika Force Publique, jeshi la kikoloni, atumikie miaka saba. Huko Luluabourg alijifunza ukarani na hesabu, akawa akiazima magazeti ya maofisa wa Kizungu na kuyasoma kwa shauku kubwa, hata akaanza mwenyewe kupeleka makala za siasa magazetini, akijisitiri kwa jina la de Banzy, lililotokana na Banzyville, kituo cha nchi ya kwao.

Alipotoka jeshini mwishoni mwa 1956 akaingia katika gazeti la L'Avenir la Léopoldville, kisha akawa mhariri wa Actualités Africaines. Yafaa tukumbuke kwamba njia hiyo ilikwisha kufyekwa na wengine kwa mashaka: Antoine-Roger Bolamba aliyekuwa mhariri mkuu wa La Voix du Congolais tangu 1945, chini ya macho ya serikali, na Paul Lomami-Tshibamba, ambaye kwa kuuliza katika jarida hilo hilo nafasi ya Wakongomani katika ulimwengu wa kesho aliandamwa hata akahamia Brazzaville. Katika kazi hiyo Mobutu alifanya urafiki na Patrice Lumumba, naye Lumumba, uhuru ulipowadia, akampa cheo serikalini, na mnamo Julai 1960 akamkabidhi unadhimu mkuu wa jeshi.

Mei 1964 waasi wa Gaston Soumialot, wakiungwa mkono na Wafuliiru wa huko walioongozwa na Musa Marandura, waliuteka Uvira, na majeshi ya serikali yakarudi nyuma bondeni. Tarehe 13 Juni Mobutu mwenyewe alifika daraja la Kamanyola, na ikasimuliwa kwamba aliwatangulia askari waliokuwa wakikimbia, akalivuka daraja chini ya risasi. Ushujaa huo siuhukumu hapa. Lililo dhahiri ni kwamba Bukavu wenyewe ulishambuliwa Agosti ya mwaka ule ule, ukahamiwa na Kanali Léonard Mulamba, wala jina la Mulamba halikupewa uwanja.

Baada ya kutwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965, mhariri wa zamani aliyashika magazeti yote: Elima na Salongo huko Kinshasa, Mjumbe na Taifa huko Lubumbashi, yote yalimsifu yeye, na Kamanyola ikawa nguzo ya sifa hizo. Lakini Wafuliiru waliopigana upande wa pili, wakulima waliokimbia mashamba na askari wasio na cheo walioanguka darajani, hao hawakupata safu katika gazeti lolote, na hii ndiyo dhuluma inayonisikitisha kupita zote, kwa kuwa aliyeitenda aliujua uzito wa neno lililopigwa chapa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi, na magazeti huru yakafumuka Kinshasa. Mwaka 1997, alipokwisha kukimbia, Uwanja wa Kamanyola ukaitwa wa Mashahidi wa Pentekoste, kwa kumbukumbu ya Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, wanasiasa alioamuru wanyongwe hadharani mwaka 1966.