Mapapai ya Puna

Kirusi cha madoa-pete ya papai huenezwa na kidukari, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mti mmoja kisha akahamia wa pili. Majani hukunjamana, matunda huota alama za pete, mti hudumaa. Miaka ya 1950 ugonjwa huu ulivunja kilimo cha mapapai kisiwani Oahu, Hawaii. Kilimo kikahamia Puna, katika Kisiwa Kikubwa, kwenye ardhi ya mawe ya volkano. Huko kilistawi kwa takriban miaka 30, ingawa virusi vilikuja kuonekana Hilo, kilomita 30 tu kutoka mashambani.

Dennis Gonsalves, mzaliwa wa kisiwa hicho na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, hakungoja vifike. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walichukua jeni ya protini inayounda ganda la kirusi, wakaipachika kwenye vipande vidogo vya madini, na kuvifyatua ndani ya chembe hai za papai. Walidhani protini hiyo ndiyo ingekuwa ngao. Baadaye ilibainika kwamba mmea wenyewe huutambua ujumbe wa kirusi na kuukatakata kabla haujafanya kazi.

Aprili 1992 miche hiyo ilipandwa Oahu kwa majaribio. Mwezi uliofuata, virusi vikagunduliwa Puna. Mipapai ilikatwa, mashamba yakaachwa. Mavuno ya Puna yalikuwa takriban kilo milioni 24 mwaka 1992. Kufikia 1998 yalishuka hadi karibu nusu.

Kabla ya mbegu kutoka, ilibidi kuomba idhini za wamiliki wa hataza za teknolojia iliyotumika. Idhini zilipopatikana, tarehe 1 Mei 1998 wakulima walianza kugawiwa mbegu za Rainbow bila malipo. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ufilipino.

Haikuwa mwisho wa shida. Japani, mnunuzi mkubwa, haikuruhusu papai hilo hadi Desemba 2011. Aliyetaka kuuza huko alilazimika kuendelea kupanda Kapoho, aina ya zamani isiyo na kinga. Ajabu ni kwamba Kapoho iliponea kwenye kivuli cha Rainbow: kadiri mipapai yenye kinga ilivyoongezeka, virusi vilipungua eneo zima. Mwaka 2013 kaunti ya Hawaii ilipiga marufuku mazao mapya ya uhandisi jeni, lakini ikaliacha papai.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala wa GMO huishia kwenye swali la usalama. Puna inaongeza maswali mengine, nami naona yana uzito uleule: nani anamiliki hataza, nani anagharimia utafiti, na mnunuzi wa mbali atakubali nini? Papai hili lilitokana na taasisi za umma, likaanza kutolewa bure. Mkulima wa muhogo au ndizi anayeahidiwa mbegu mpya ana haki ya kuuliza kama yake itamfikia hivyohivyo.